Simama Kabla ya Sufuria

Sanduku lilifika Alhamisi asubuhi. Nilipokata kamba mikono ilikuwa ikinitetemeka, mimi Sully Cadivel niliyeshika spana miaka ishirini na sita na sijawahi kutetemekea chuma. Ndani, katikati ya magazeti makuukuu, zililala diski mbili za breki, pana kama sahani za kupakulia wali wa harusi, na kalipa mbili nyekundu, vile vibanio vinavyoikaba diski, za pistoni nne nne. Zilitolewa kwenye gari kubwa lililogongwa nyuma huko Ufaransa, likauzwa vipande vipande, na vipande vyangu vikakaa wiki nne ndani ya meli.

Nilimpigia simu dada yangu. Rosemay anafundisha darasa la tatu, na siku ile nadhani watoto walitoka mapema kuliko ratiba ya serikali, maana hata chai yangu haikupoa kabla hajafika. Aliweka mkoba wake juu ya grisi bila kuangalia chini, akainua kalipa moja kwa mikono miwili, akaipakata.

"Kaka, hii ni breki au nanga?"

"Breki. Na usiipumulie hivyo, utaitia kutu."

"Zetu za zamani ukiziweka hapa pembeni zinakuwa biskuti."

"Biskuti zilizokuvunja bega," nikasema, naye akairudisha kalipa sandukuni.

Gari letu ni Pijo dogo jeupe aliloliacha Baba. Baba alishindana nalo, na sisi tukarithi ugonjwa: Rosemay anaendesha, mimi nakaa pembeni na daftari, namsomea kona. Mwaka jana, kwenye rali ya kusini mwa kisiwa chetu, tukishuka kutoka kijiji cha milimani cha Les Makes, pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni kwenye kona ya kumi na tisa. Rosemay alilitupa gari kwenye miwa kwa makusudi, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na korongo. Miwa ikatupokea. Yeye akavunjika mfupa wa bega, mimi sikupata hata mchubuko, na hilo Mama hajanisamehe.

Kulikuwa na jambo ambalo Mama hakulijua. Asubuhi ya siku ile Rosemay aliniambia pedali imelegea. Nilijua sababu: mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, yamekunywa maji, na maji yakipata moto yanachemka na breki inakuwa upepo mtupu. Nilikuwa nimepanga kuyabadilisha wiki iliyofuata. Nikamwambia, "Twende tu, itakaza." Naye akaenda, kwa sababu mimi ndiye kaka na mimi ndiye fundi. Hakunisema kwa Mama, wala hospitali, wala baadaye. Ndiyo maana nilikuwa nikitetemeka.

Kadi ya gari ina jina la Mama. Siku tuliyotoka hospitali aliuchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa, akatangaza kwamba gari linakwenda kwa Gaspard Hoarau, jirani yetu, ambaye amelitamani tangu Baba yuko hai. Rosemay alimbembeleza miezi kumi na moja. Mwishowe Mama alikubali kutupa mtihani, na aliutangaza mbele ya Gaspard mwenyewe, huku akichambua dengu.

"Jumapili baada ya misa," alisema. "Barabara ya matrekta, kule kwenye miwa, haina magari siku hiyo. Mtaanzia juu kabisa, mshuke kona zote nane, breki zipate moto. Breki baridi hata ya baiskeli inasimamisha. Chini kwenye mnyooko nitachora mstari wa chokaa. Kutoka hapo nitahesabu hatua zangu sitini, niweke sufuria. Mkifika mstarini muwe kwenye tisini, na msidhani nitadanganyika, mlio wa hilo gari naujua kuliko nyinyi. Mkisimama kabla ya sufuria, wiki inayofuata nendeni kwenye rali. Mkiigusa, gari ni la Gaspard."

"Sufuria tupu?" Gaspard akauliza.

"Tupu ya nini? Ina mchuzi wangu wa mbuzi, masale kamili. Nataka waone wanachokimwaga."

Basi nikaanza kazi Alhamisi hiyohiyo. Nilifungua breki za zamani, nikazitupa kwenye ndoo bila heshima. Kalipa mpya hazikukubali kukaa, matundu hayakulingana, kwa hiyo nilikata bamba la chuma na kuchonga vishikio vyake mimi mwenyewe. Cha kwanza kilikosea kwa milimita moja. Nilikirusha kikagonga ukuta, paka wa Mama akahama nyumba kwa siku mbili. Cha pili kilikaa. Nikafurahi, nikachukua gurudumu nilirudishe, na gurudumu likagoma kuingia: rimu ilikuwa ndogo, inabusu kalipa. Nusu ya Ijumaa iliishia mjini Saint-Pierre kwa fundi mwenzangu, nikimlainisha aniazime rimu za inchi kumi na tano. Alisema atanipa nikiacha kumtukana. Nikajitahidi.

Jioni ya Ijumaa tulitoa upepo kwenye mabomba ya breki. Rosemay alikaa kwenye usukani na madaftari ya wanafunzi mapajani, mimi nikalala chini na chupa na mpira wangu.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

"Huyu kaandika nyangumi anataga mayai."

"Kanyaga, mwalimu. Shikilia. Achia."

"Nimpe nusu maksi? Kachora vizuri."

"Rosemay, nikiingiwa na upepo hapa nakuja kumtaga huyo nyangumi mwenyewe."

Safari hii mafuta yalikuwa mapya, ya kopo nililolifungua mimi, ya kiwango cha mashindano, na nilipitisha makopo mawili mazima mpaka nikahakikisha hakuna hata kiputo. Kisha nikamwambia akanyage mara ya mwisho. Akakanyaga. Kimya. Akakanyaga kwa nguvu, mpaka mgongo ukaenda nyuma kwenye kiti.

"Kaka," alisema polepole, "imegoma kushuka."

Nilitoka chini ya gari nikacheza. Sioni aibu kulisema. Nina miaka arobaini na miwili, nina kitambi, nilicheza peke yangu uani na dada yangu akanipigia makofi kwa daftari la nyangumi.

Jumamosi alfajiri Mama alituazima ufunguo kwa saa mbili, tukaenda kuzifunza breki. Pedi mpya za mashindano, vile vipande vinavyoibana diski, hupigi ghafla, unazizoesha moto kidogo kidogo. Tulianza kwa mwendo wa sitini, tunabana taratibu, tunaachia. Mara kumi. Halafu themanini, tunabana zaidi. Harufu ya kuungua ikapanda, moshi mwembamba ukatoka magurudumuni, na mimi nikawa navuta pumzi kwa pua yote kwa raha. Tukatembea polepole zikapoa. Diski zilikuwa zimegeuka rangi, kijivu chenye ubuluu kidogo, sawasawa pande zote.

"Sasa," nikamwambia.

Akakanyaga gesi mpaka mia, akakanyaga breki.

Mkanda ulinikaba kifua. Miwani yangu iliruka, na sambusa niliyokuwa nimeiweka mbele ya kioo ikajibandika kwenye kioo, ikatoa nyama yote. Gari lilikuwa limesimama. Halikuyumba, halikupiga kelele, lilisimama tu. Rosemay alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, nami nilikuwa nikipiga dashibodi kwa viganja na kusema maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Tena," akasema.

Tulirudia mara sita. Nilipima kwa hatua kila mara. Mama hatua zake ni fupi, nikapunguza, nikapunguza tena, na bado tulikuwa tunasimama kabla ya mahali pa sufuria. Usiku ule nililala usingizi mzito, jambo lililokuwa halijanitokea mwaka mzima.

Jumapili tukaenda misani, mimi na Rosemay. Mama alibaki, alisema masale haiwezi kujipika. Tuliporudi tulilikuta gari uani limebarikiwa. Sisi Wamalbari, wajukuu wa Wahindi walioletwa kukata miwa, tuko hivyo, Ijumaa hekaluni, Jumapili kanisani, na hakuna anayelalamika. Mistari mitatu ya manjano juu ya boneti, nazi imepasuliwa mbele ya bampa, kafuri imewashwa ikazimika, na ndimu moja chini ya kila tairi ili tuzikanyage tukiondoka. Baba alikuwa akibarikiwa gari kila msimu namna hiyohiyo. Moyo ulinilainika. Nilidhani Mama anatutakia kushindwa, kumbe ameamka kutuombea, ufunguo akauacha garini, akatangulia na sufuria yake. Tukazikanyaga ndimu, tukaondoka; kutoka kwetu mpaka kwenye miwa ni mlima mtupu wa gia ya kwanza, breki haikuguswa.

Huko kwenye miwa mtaa mzima ulikuwa umeshafika. Kwetu Jumapili bila kupika kando ya barabara haihesabiki, na safari hii walikuwa na cha kutazama. Majamvi yametandikwa, moto wa kuni kila baada ya hatua chache, soseji kwenye wavu, wali, achari, ramu nyeupe kwenye vikombe vya plastiki. Gaspard alikuja na trela ya kubebea gari. Alikuwa ameiosha.

"Mzee Gaspard, umekuja kuhama?" nikamuuliza.

"Nimekuja kusaidia," alisema. "Gari likigongana na masale litahitaji kubebwa."

Watu wakacheka. Mama alikuwa tayari amechora mstari wake na kuhesabu hatua zake sitini, na katikati ya lami ilikaa sufuria kubwa ya alumini, mfuniko juu, mvuke unatoka pembeni. Yeye mwenyewe alisimama ukingoni, mikono nyuma. Alimtazama Rosemay tu.

Tulivaa kofia za chuma, tukapanda. Barabara inapanda kilomita moja na nusu, kona nane, miwa pande zote imesimama juu kuliko gari. Kule juu kuna uwanja wa kugeuzia matrekta, na Rosemay alipokaribia kugeuza aligusa breki, kwa kawaida tu, kwa kidole cha mguu.

Gari likavuta kulia. Akagusa tena. Likavuta kulia, na halikupunguza mwendo. Alilisimamisha kwa handbreki, tukaangaliana.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Sijafanya kitu. Jana umeona mwenyewe."

Kisha harufu ikaingia dirishani. Haikuwa ya breki. Ilikuwa ya mafuta ya ufuta yaliyopata moto, na kafuri ndani yake, harufu ya hekaluni Ijumaa wanapozipaka sanamu. Nilishuka mbio, nikapiga magoti, nikachungulia kati ya matundu ya rimu. Diski yangu ilikuwa inang'aa kwa mafuta. Si tone lililomwagika. Ilikuwa imepakwa, kwa kidole, kwa mapenzi, mbele na nyuma hadi mahali kidole kinapofika. Upande wa pili vilevile. Na pedi zilikuwa zimeshayanywa.

Niliwaka. Niliing'oa kofia nikaipiga chini. Miezi kumi na moja, meli wiki nne, vishikio nilivyochonga kwa mikono hii, na bibi mmoja na chupa yake ya ufuta. Nilisema nitashuka kwa miguu nikamwambie mbele ya mtaa mzima nini amefanya, na Gaspard asikie, na padri asikie.

"Huendi kumwambia kitu," Rosemay alisema.

"Basi unataka nini? Ushuke hivi?"

Alikuwa amekaa na mikono juu ya usukani, anatazama barabara inavyotumbukia kwenye miwa. Nikaelewa anachofikiria. Huko chini watu wanasubiri. Tusiposhuka, tumeshindwa. Tukishuka, pengine pedi zitaungua njiani, mafuta yataisha kabla ya kona ya nane, pengine breki zitarudi. Pengine. Neno hilohilo nililoliuza mwaka jana kwa jina la "itakaza".

"Pengine yataungua," nikasema, na nilipoyasikia maneno yanatoka mdomoni mwangu nilijichukia.

"Pengine," Rosemay alisema. "Ingia ndani."

Aliwasha taa za dharura. Akatia gia ya kwanza, mkono kwenye handbreki, tukaanza kushuka mwendo wa ng'ombe. Kona ya kwanza. Ya pili. Injini inalalamika, taa zinapiga tik tak, tik tak. Sijawahi kuona aibu ndefu namna ile. Tulipotokea kwenye mnyooko watu wote walikuwa wamesimama, wakasubiri gari lianze kukimbia, halikuanza. Halafu kicheko kikaja, cha mtaa mzima.

"Rosemay, umebeba mayai?" mtu akauliza.

"Niteremshe hapo mbele, dereva," akadakia mwingine.

Gaspard alikuwa ameshaanza kushusha mlango wa trela. Rosemay alilisimamisha gari kwenye mstari wa chokaa, akazima injini, akashuka, akamwendea Mama. Kofia ilikuwa kichwani bado.

"Breki haziko sawa, Mama. Sishuki nazo."

"Haziko sawa vipi?"

"Haziko sawa tu."

Mimi nilifungua mdomo. Rosemay alinikanyaga mguu, kwa kisigino, kwa nguvu zilezile za kukanyagia breki. Nikaufunga.

Mama alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaenda kwenye gurudumu la mbele, akainama taratibu, mkono kiunoni, akanusa. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Ni mafuta yangu," alisema.

"Mama, si lazima..." Rosemay akaanza.

"Ni mafuta yangu," akarudia, kwa sauti, ili wasikie hata wa majamvi ya nyuma. "Miaka yote nimebariki boneti. Nikafikiri, boneti haikumvunja mwanangu bega. Kinachotaka kubarikiwa ni breki. Nikapitisha kidole kwenye matundu, nikazipaka vizuri, zote mbili. Nilitaka washinde."

Hakuna aliyecheka. Hasira yangu yote haikujua pa kwenda.

"Mwaka jana," Mama akamgeukia Rosemay, "ulijua kama breki mbovu?"

Rosemay aliniangalia. Alikuwa tayari kunificha tena, niliona, na hapo sikuvumilia.

"Alijua, akaniambia," nikasema. "Mafuta yalikuwa ya zamani, nilikuwa najua. Mimi ndiye niliyemwambia twende."

Nilingoja kofi. Mama ni mfupi lakini hufika. Hakunipiga. Alinitazama mpaka nikaangalia chini, kisha akamgeukia binti yake tena.

"Na leo kaka yako kakwambia nini huko juu?"

"Kasema pengine yataungua."

"Na wewe?"

"Nikatia gia ya kwanza."

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja. Akamwita Gaspard, ambaye alikuwa anafungua kamba. "Gaspard, pandisha mlango wako. Hawa hawajashuka bado. Sully, inachukua muda gani kusafisha uchafu wangu?"

Nilitaka kusema haiwezekani. Pedi zikinywa mafuta hutupwa, kila fundi anajua, na nilikuwa sina nyingine kisiwa kizima. Kisha nikatazama mioto kando ya barabara, nikakumbuka hizi ni pedi za mashindano, zinavumilia moto unaoyeyusha risasi. Damu ikaanza kukimbia.

"Nipeni nusu saa," nikasema. "Na yule mwenye soseji azitoe kwenye wavu."

Nimefanya kazi maisha yangu yote na sijapata kuona gereji kama ile. Jeki chini, magurudumu nje, kalipa nje, pedi nne juu ya makaa mekundu. Mafuta yalianza kutoka, yakashika moto, yakawaka kwa moshi mweusi, na mwenye soseji akasimama pembeni akilia kwamba chakula chake sasa kitanuka hekalu. Mama alijifunga kanga kiunoni, akachukua maji ya moto na sabuni na sponji yake ya vyombo, akazisugua diski kama anavyosugua masufuria. Nikamwambia sabuni haitoshi, nahitaji kitu kikali cha kukata mafuta.

Watu wakaangaliana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuleta ramu zao.

"Hii ni ya kunywa," alisema mzee mmoja, ameishikilia chupa yake kifuani.

"Leo inanywewa na gari," Mama akamjibu, akaichukua.

Chupa tatu zilikwenda kwenye diski zile. Ya nne ililetwa na Gaspard. Aliimimina mwenyewe, taratibu, huku mimi nikifuta kwa kitambaa, na hakusema chochote cha kuchekesha. Pedi zilipoacha kutoa moshi nilizipoza, nikazisugua kwa msasa mpaka zikarudi kijivu kikavu. Nikafunga kila kitu, nikakaza boliti kwa spana ya kipimo. Rosemay alilipeleka gari na kulirudisha kwenye mnyooko, akabana, akaachia, akabana. Lilienda moja kwa moja. Harufu ilikuwa ya breki, breki tupu. Alinionyesha dole gumba na meno yote nje.

Nikachukua kofia yangu niingie. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa abiria.

"Nipe hiyo," alisema.

"Nini?"

"Kofia. Wewe kaa na sufuria."

"Mama, acha mchezo."

"Umesema breki nzuri au umesema breki mbaya?"

"Nzuri."

"Basi nipe kofia."

Alivua kitambaa cha kichwa, akaivaa. Ilimkaa upande. Rosemay alimfunga mikanda, mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlango ukafungwa. Gari likapanda likapotelea kwenye miwa, na mimi nikabaki katikati ya lami kando ya sufuria ya masale, na watu wote niliowapenda duniani wakiwa wamebebwa na boliti nilizokaza kwa mkono wangu. Nilizihesabu kichwani. Moja moja. Nikaanza tena.

Injini ikanguruma kule juu. Hata wapishi wakaacha miko. Niliwasikia kona ya kwanza, mlio unashuka, unapanda. Ya pili. Ya tatu ilikuja kasi kuliko nilivyotegemea. "Taratibu," nikasema kwa sauti, kana kwamba yupo wa kunisikia. Ya nne, ya tano, matairi yanalia, ya sita, na sasa niliona vumbi lao linavyoruka juu ya miwa. Ya saba. Ya nane.

Walitokea kwenye mnyooko wakija moja kwa moja kwangu. Mlio ulikuwa wa tisini na zaidi, Rosemay hakuiba hata kilomita moja. Miguu yangu ilitaka kukimbia nikaikataza. Mstari wa chokaa ukaingia chini ya matairi, na pua ya gari ikainama, ikainama mpaka nikaona paa lote, na diski zile mbili nikaziona kwenye matundu ya rimu, nyekundu kwa moto. Matairi yalinguruma. Lami ilitoa moshi. Boneti ikakua, ikakua, ikajaza macho yangu, ikaacha kukua.

Kati ya bampa na sufuria palibaki urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mfuniko haukutikisika.

Watu walipiga kelele mpaka sijui nani alinikumbatia, nadhani Gaspard. Lakini mlango wa abiria haukufunguka. Nilimwona Mama kupitia kioo, kofia imemfunika jicho moja, mikono imeng'ang'ania mikanda, hatingishiki. Nilikimbia nikaufungua mlango, nikainamia.

"Mama. Mama, unanisikia?"

Alikuwa anamtazama Rosemay, anahema, mashavu yamepata rangi ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Kona ya tano umeshika breki mapema mno," alimwambia. "Baba yako alikuwa akingoja mpaka usawa wa lile jiwe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kona."

Rosemay aliuachia usukani, akamgeukia. Miaka arobaini na miwili nimeishi na mwanamke yule na hakuwahi kutuambia.

Mama aliisogeza kofia jicho likaonekana.

"Sully, ondoa hiyo sufuria njiani," alisema. "Tunapanda tena."

Nikaibeba. Ilinichoma vidole vyote, na sikujali.